Mjusi Aliyekataa Nyenje

Miaka yote ya ndoa yake, Misrini alianza siku kwa kunyonyoa miguu ya nyenje. Kabla ya kuwasha jiko, kabla ya kuloweka soya za kutengenezea tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa aliyokuwa akiuza, alikaa kwenye kigoda uani na kopo la nyenje katikati ya magoti. Alimshika mmoja, akang'oa mguu wa kulia, akang'oa wa kushoto, akakata kichwa kwa ukucha wa kidole gumba, akatupa kwenye sahani, akashika mwingine. Nyenje mwenye miguu humkwaruza ndege koo. Ndege aliyekwaruzwa koo haimbi. Na ndege wa Suradi asipoimba, Suradi mwenyewe hasemi na mtu, na usiombe uwe wewe uliyemletea wali uliopoa. Hivyo ndivyo Misrini alivyofundishwa, na hapakuwa na mtu aliyemfundisha jambo jingine duniani. Shule aliijua kwa nje tu, alipokuwa akipita na majani ya mgomba kichwani kwenda sokoni Tulungagung.

Kisha Suradi akaondoka. Kuna wanaume wanaoondoka kwa maneno; yeye aliwatanguliza ndege. Leo tundu moja halipo kwenye mlingoti, kesho jingine. Ukiuliza, unaambiwa ndege amepelekwa kwa rafiki ajifunze kuimba na wenzake. Misrini aliamini. Alipokuja kushtuka, ndege wote walikuwa wananing'inia barazani kwa mwanamke aitwaye Lilis, ng'ambo ya reli, na Suradi alikuwa ameshamwoa huyo Lilis mbele ya shehe na mashahidi wakati mkewe yuko uani anakanyaga soya. Talaka ilifuata baadaye, kama mtu anayerudi kuchukua kofia aliyoisahau.

Misrini akabaki na nyumba aliyorithi kwa mama yake, chanja za tempe, na binti mmoja, Windarti. Binti naye hakukaa. Alitaka kwenda Taiwan kuwatunza wazee wa watu. Mama alikataa, akasema mtoto wa pekee haendi kumwosha mzee wa mtu ng'ambo ya bahari huko. Baba akasema aende. Akamuuza ndege wake bora, yule murai wa mkia mrefu, akamlipa wakala. Windarti akalia shingoni mwa baba yake kwa shukrani. Hakuna aliyekumbuka kuwa murai yule alinunuliwa kwa hereni za dhahabu za Misrini, alizozivua masikioni akiwa na ujauzito wa huyo huyo Windarti. Misrini alikumbuka, lakini alinyamaza. Mtu akishachagua wa kumshukuru, ukimwonyesha mwingine anakuona mchawi.

Siku ya kuondoka Windarti alimwachia mama yake kisanduku cha plastiki chenye kifuniko cha matundu. Ndani yake alikuwamo mjusi wake, Kunir, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya ngozi yake ya rangi ya manjano ya kupikia, yenye madoa meusi kama ya chui. Si mjusi wa ukutani. Huyu alitembea chini polepole, alikuwa na kope na alipepesa macho kama mtu anayewaza, na mkia wake ulikuwa mnene kama kidole gumba cha mwanaume.

"Mkia ndio ghala lake, Mak," alisema Windarti. "Ukinenepa, yuko sawa. Ukikonda, ujue ana njaa au anaumwa."

"Anakula nini?"

"Nyenje. Sasa hapo nami nikufundishe nini? Wewe ndiye fundi wa nyenje."

Akapanda gari la wakala akaenda.

Windarti hakuwa mtu wa kupiga simu. Lakini mjusi alimfanya apige. Kila Jumapili mchana, mzee wake wa Taiwan akisinzia, simu ililia, na uso wa binti ukajaa kwenye kioo.

"Mak, Kunir amekula?"

Pale mtaani watu huulizana "umekula?" hata wasiopendana. Ni kama kubisha hodi. Windarti alimuulizia mjusi. Misrini alilisikia hilo mara ya kwanza, likamchoma, akalimeza. Akaelekeza simu kwenye kisanduku, na binti akamwangalia mjusi wake amelala chini ya kigae, akamwita majina matamu ambayo mama yake hakuyajua. Mwishoni, kabla ya kukata, aliuliza, "Mak hujambo?" Hayo maneno mawili ndiyo aliyoishi nayo Misrini mpaka Jumapili nyingine. Alijua vizuri kabisa kilichomletea maneno hayo. Bila mjusi, simu ile ingekuwa kioo cheusi tu.

Kwa hiyo alimtunza Kunir kuliko alivyowahi kumtunza mtu. Alimtunza kwa njia aliyoijua. Asubuhi alimnunulia nyenje kibandani kwa Yu Katmi, wale wa kulishia ndege, akawanyonyoa miguu, akawakata vichwa, akawapanga kwenye kisosi safi ndani ya kisanduku. Kisha alitoa kisanduku nje na kukiweka juani, kama ndege wote wa mtaa ule wanavyoanikwa asubuhi ili wachangamke. Jioni, adhana ya magharibi ikianza, alitoa kisosi na kukifunika kisanduku kwa kitambaa cheusi, kile kile kilichokuwa cha tundu la murai, mnyama apate usingizi.

Na Kunir hakula.

Mwanzoni Misrini alidhani ni majonzi. Mtu wake ameondoka, naye ana moyo. Akampa nyenje wadogo zaidi. Akawapaka asali. Akampa kipande cha tempe, kwa kuwa tempe haijawahi kumdhuru mtu. Mjusi alijikunja kwenye pembe yenye kivuli, akafumba macho. Jioni kisosi kilitoka kama kilivyoingia, nyenje wamenyauka, sisimizi wameanza kuwala. Na ule mkia ukaanza kupungua, ukawa kama kidole cha kati, ukawa kama kidole cha mwisho.

"Labda anakula kidogo kidogo usipomtazama," alisema Yu Katmi siku alipoulizwa. Katmi alikuwa mjane mnene aliyeuza nyenje, sabuni na habari za watu. "Kama mama mkwe wangu. Mezani haonji, jikoni sufuria ni nyeupe."

"Nawahesabu, Yu. Wanatoka kama walivyoingia."

"Basi amekukinai. Na wewe nawe una uso mkali, Mis. Hata mimi nikiwa ndani ya kisanduku unanichungulia hivyo, nisingekula."

Misrini hakucheka. Jumapili alishika simu kwa mbali, akaiinamisha ili kigae kizibe mkia.

"Amekula, Mak?"

"Amekula."

"Mbona huo mkia..."

"Ni mwanga tu, Nduk, mwanangu. Leo kuna mawingu."

Jumapili iliyofuata palikuwa na jua, na Windarti hakuwa mjinga. "Mak, msogeze. Mtoe chini ya kigae. Mtoe, nasema." Misrini akamtoa. Mjusi alilala kiganjani mwake mwepesi kama jani kavu, na mkia ukaning'inia kama kamba.

"Tangu lini?"

"Ninampa kila siku. Hataki. Sijui nimfanye nini."

"Umekuwa unanidanganya, Mak. Kitu kimoja nimekuachia. Kimoja." Sauti ya binti haikupanda, na afadhali ingepanda. "Nitamwambia Bapak aje amchukue. Bapak anajua wanyama."

Siku ile tempe yake iliharibika, kwa sababu alisahau kuifunika magunia. Anajua wanyama. Misrini aliyarudia maneno hayo akikosha soya. Nani alikuwa anaosha matundu? Nani alikuwa anaamka? Suradi alijua kupiga mluzi na kuchukua vikombe vya mashindano ya ndege. Na sasa atachukua mjusi, na simu ya Jumapili itamfuata mjusi, ivuke reli, ilie barazani kwa Lilis. Alimwachia Lilis mume, akamwachia ndege na heshima mbele ya majirani. Hakujua kwamba kilikuwa kimebaki kitu.

Kesho yake, akiwaza hayo, alimimina vibaya maji ya kuchemshia soya, yakamwunguza mkono wa kulia, vidole vyote. Alipaka dawa, akafunga kitambaa. Nyenje walikuwa wameshanunuliwa, wanarukaruka kwenye kopo, na vidole vya kuwanyonyolea havikuwapo. Aliketi akawatazama. Mwishowe, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, alifungua kifuniko akawamimina wote mle ndani wazima wazima, na miguu yao na vichwa vyao. "Kwaruzika, basi," alimwambia mjusi. "Wote tumekwaruzika." Hakukitoa kisanduku juani. Mkono ulimwuma, alikiacha pale pale chini ya chanja za tempe, penye joto na giza, akalala kidogo.

Aliamshwa na adhana ya magharibi. Alikwenda kutafuta kile kitambaa cheusi, akachungulia kisandukuni kabla ya kufunika, mkono wake ukabaki hewani.

Kunir alikuwa ametoka chini ya kigae. Amesimama kwa miguu yote minne, tumbo juu, macho wazi, makubwa, ambayo Misrini hakuwahi kuyaona vile. Nyenje mmoja alipita mbele yake. Ncha ya ule mkia mwembamba ikaanza kutikisika, taratibu, kama ya paka aliyeona panya. Nyenje akaruka. Mjusi akaruka naye. Ikasikika sauti ndogo ya kuvunjika kwa ganda, na mguu mmoja wa nyenje ukabaki umechomoza pembeni mwa mdomo, ukipunga, kisha ukaingia.

Akamla mwingine. Akamfuata wa tatu mpaka pembeni akamkosa, akarudi akampata.

Misrini akakaa chini sakafuni. Si mnyama aliyekuwa mgonjwa. Mnyama huyu anakula kinachotembea tu, na anaamka jua likizama. Na yeye kila asubuhi alimpa maiti, akamwanika juani kama nguo, na saa yake ya kuamka ilipofika akamfunika gubigubi na kumwondolea sahani. Hakufanya hivyo kwa uzembe. Alifanya kwa ufundi wote aliofundishwa na Suradi. Hata alipokwisha kuondoka, mwanaume yule alikuwa bado ndani ya vidole vyake.

Alitaka kumpigia Windarti saa ile ile. Lakini simu aliijua kwa kupokea tu. Kupiga kwenda nje alikuwa akimwomba Yu Katmi, na Katmi alishafunga kibanda. Kesho, alijiambia.

Kesho ilifika na Suradi, kabla ya Katmi kufungua. Alikuja na pikipiki, amenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi na mkono usio wake Misrini. Kiunoni alikuwa na kopo la nyenje walionyonyolewa.

"Mama Win," alisema akiwa bado juu ya pikipiki. "Nasikia sasa hata mijusi haikai nawe."

"Anakula, Baba Win. Jana amekula."

"Ndiyo. Na mimi jana nimekuwa diwani." Akaingia bila kukaribishwa, akatoa simu yake, akampigia binti. Uso wa Windarti ukatokea, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Win, niko hapa. Mama yako anasema anakula. Hebu tuone."

Akamwinua mjusi kutoka chini ya kigae, akamtoa juani, akamwekea nyenje asiye na kichwa mbele ya pua. Kunir akafumba macho. Akamgusa puani kwa nyenje yule. Kunir akageuza uso.

"Unaona, Win?"

"Hula magharibi," alisema Misrini. "Na umpe mwenye miguu, anayetembea. Subiri magharibi utaona mwenyewe."

"Magharibi nina ndege wa kufunika." Suradi alicheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Mwenye miguu. Win, mama yako anataka kumkaba mjusi wako. Mama Win, nani alikufundisha nyenje? Si ni mimi?"

"Nduk, nisikilize. Jana nilimwona kwa macho yangu..."

"Wiki ile pia ulisema amekula, Mak," alisema Windarti. "Basi. Mpe Bapak."

Uongo ni deni baya. Siku unayosema kweli ndiyo siku unayolipishwa. Misrini aliinua kisanduku kwa mkono wake mzima, akakiweka kwenye kiti cha nyuma, Suradi akakifunga kwa kamba ya mpira. Angeweza kushika usukani wa pikipiki, angeweza kupiga kelele majirani watoke. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Usiwanyonyoe miguu," na injini ilikuwa imeshawaka. Hakurudia. Palikuwa na sehemu ya moyo wake, na si ndogo, iliyotaka mjusi yule afie mikononi mwa Suradi, binti aone.

Jumapili simu haikulia. Aliichaji, akaipangusa kioo, akaiweka juu ya mtungi wa mchele mahali inapokamata mtandao. Jumapili ya pili haikulia. Yu Katmi alimwambia, "Nikupigie?" akasema hapana. Apige aseme nini? Nipe salamu zilizokuwa za mjusi?

Lilis alikuja mchana mmoja kwa miguu, amepakata kisanduku kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Misrini hakuwahi kumwona kwa karibu. Alikuwa kijana kuliko alivyodhani na amechoka kuliko alivyodhani.

"Yu," alisema mlangoni, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa. "Mchukue, tafadhali."

"Mwenyewe anajua?"

"Pak Suradi yuko Blitar kwenye mashindano. Harudi mpaka kesho." Akaweka kisanduku chini. Mle ndani mjusi alikuwa ngozi na madoa tu. "Huyu anakufa, Yu. Sitaki afie kwangu. Nikimwambia ananiambia mnyama anazoea. Win akipiga, anamwambia amelala, halafu anamtumia picha za zamani."

Misrini aliingia jikoni, akaleta chai. Mgeni hukaribishwa, hata huyu. Lakini hakuitia sukari, na katika nyumba za watu wa pale hakuna chai ya namna hiyo. Lilis akanywa funda moja, akaelewa, akaendelea kunywa mpaka mwisho bila kukunja uso.

"Ananinyonyolesha nyenje kila alfajiri," alisema, akitazama vidole vyake. "Naosha kwa ndimu, harufu haitoki."

"Haitoki," alisema Misrini. "Mimi mpaka leo."

Kama mwanamke yule alitarajia neno la pili, hakulipata. Alishukuru kwa chai, akavaa ndala zake, akavuka reli kurudi alikochagua.

Misrini alikisogeza kisanduku chini ya chanja za tempe. Alikwenda kwa Katmi akachukua nyenje wadogo wenye miguu. Jioni ya kwanza Kunir alifungua macho tu. Ya pili alitikisa ncha ya mkia, akaruka, akaanguka ubavu. Ya tatu alipata mmoja. Misrini alikaa kwenye kigoda akimtazama, na hakufunika kitu.

Mwezi ulikuwa umeshageuka, na Suradi hakuwa amekuja kumdai mjusi, Windarti alipopiga. Ilikuwa mchana, kama zamani.

"Mak hujambo? Nakuambia tu usiwe na wasiwasi. Bapak anasema Kunir amenenepa. Anakula vizuri sana sasa."

Misrini aligeuza simu, akainama, akaielekeza chini ya chanja. Kigae, kisosi cha maji, na mjusi wa manjano aliyelala, mkia wake umeanza kujaa upande wa juu.

Windarti akasogeza uso karibu na kioo.

"Huyo amefikaje hapo?"

"Mwulize baba yako."

"Mak, mmeanza tena. Mnagombania mnyama wangu sasa? Ulikwenda kumchukua kwao?" Na kadiri alivyosema ndivyo sauti yake ilivyokuwa ya yule mtoto aliyelia shingoni mwa baba. "Kwa nini huwezi kumwacha Bapak awe na jambo moja jema?"

Maneno ya kujibu yalikuwapo. Misrini alikuwa ameyaweka miaka mingi, yamechacha kuliko soya yoyote: hereni, murai, shehe, mashahidi. Yalifika mpaka kwenye meno. Akaona binti ameketi kwenye ngazi ya nyumba ya watu, kitambaa cha kufutia mzee begani, akayarudisha.

"Mchana hali," alisema. "Ukitaka kumwona akila, piga magharibi ya huku." Akakata yeye, kwa mara ya kwanza.

Siku ile magharibi ilipita kimya. Ya kesho yake pia. Siku iliyofuata, adhana ikiwa bado haijaisha, na wali wake ukiwa mezani chini ya kawa, simu ikalia juu ya mtungi wa mchele. Windarti hakusalimu.

"Nionyeshe."

Misrini akapiga magoti, akashika simu juu ya kisanduku, akaachia nyenje mmoja mzima. Kunir akatoka. Mkia ukatikisika. Wakamtazama wote wawili, mmoja Taiwan na mmoja sakafuni, mpaka ganda lilipovunjika na ule mguu wa mwisho ukaingia mdomoni.

"Tena," alisema Windarti.

Akaachia mwingine. Magoti yalimwuma, na mkono wenye kovu ukachoka, lakini hakubadilisha mkono, maana picha ingeyumba. Nyenje wakaisha koponi.

"Haya, Mak. Kesho nitapiga tena nimwone."

"Piga."

Kioo kikazimika. Misrini alinyanyuka kwa kushika ukuta, akafunua kawa. Wali ulikuwa umepoa. Akala umepoa hivyo hivyo.